Mchungaji akija Berlin, mpeleke huku: mapitio ya sehemu tatu za waliomkatalia Hitler

Kila ugeni wa dayosisi unapotua Berlin, ratiba huwa ni ile ile. Lango la Brandenburg, kipande cha ukuta, picha ya pamoja mbele ya bunge, chakula cha mchana kwenye usharika rafiki, halafu ibada ndefu ya Kijerumani ambayo nusu ya wageni wanasinzia kwa uchovu wa ndege. Mimi ni muuguzi hapa, Mlutheri wa Njombe, na kwa kuwa wenyeji wananiona nina lugha zote mbili, wamezoea kunikabidhi wageni ile siku ambayo haina kitu kwenye ratiba. Siku hiyo nawapeleka kwa watu waliomkatalia Hitler. Zipo sehemu za kumbukumbu nyingi, lakini tatu ndizo ninazozipenda, na kwa kuwa watu wa nyumbani wananiuliza mara kwa mara ipi inafaa na ipi ni kupoteza muda, naandika hapa yote kwa pamoja.

Mara ya mwisho nilikuwa na Baba Mchungaji mmoja mstaafu, mtu wa miaka sabini na ushei, aliyefundisha kipaimara maisha yake yote. Katekisimo Ndogo anaisema kwa kichwa, amri pamoja na maelezo yake, na ukikosea neno moja anakurudisha mwanzo. Tulipoamkiana "kamwene" kituoni, nikamweleza tunakokwenda. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, hao watu Warumi kumi na tatu waliiweka wapi?"

Swali zuri, maana mlango ule wa Paulo ndio unaomwambia Mkristo aitii serikali. Nimeamua kuzipima sehemu zote tatu kwa hilo hilo.

Ya kwanza ni Gedenkstätte Deutscher Widerstand, mtaa wa Stauffenbergstraße, katika jengo linaloitwa Bendlerblock. Basi la M29 linakushusha karibu kabisa. Kiingilio ni bure, na mwongozo wa sauti unapewa bure pia, ila Kiswahili hakimo. Maandishi yote ya ukutani ni ya Kijerumani na Kiingereza. Mzee asiyesoma lugha hizo anahitaji mtu wa kumtafsiria, tena mtu mwenye subira, kwa sababu makumbusho haya ni ya kusoma. Usitegemee kuona bunduki, sare wala vifaru. Ni picha, barua, hati na maelezo, chumba baada ya chumba. Kijana wa miaka kumi na miwili atakuchosha kwa kuuliza mnatoka saa ngapi. Mtu mzima mwenye swali kichwani anaweza kukaa humo mpaka wafunge.

Thamani yake kubwa ni kwamba mambo yalitokea pale pale. Ghorofa hiyo ya maonyesho ndiko zilikokuwa ofisi za maofisa waliojaribu kuipindua serikali tarehe 20 Julai 1944, baada ya Claus von Stauffenberg kuacha mkoba wenye bomu chini ya meza ya Hitler kwenye kambi yake huko Prussia Mashariki. Hitler alipona. Usiku ule ule Stauffenberg na wenzake watatu, Olbricht, Mertz von Quirnheim na Haeften, walipigwa risasi uani. Ua huo ndio unaoupita kuingia. Katikati yake kuna sanamu ya shaba ya kijana aliyefungwa mikono, iliyochongwa na Richard Scheibe na kuwekwa mwaka 1953. Kijana mwenyewe yuko uchi. Akina mama wetu wa kwaya huwa wanaangalia ukuta wa pembeni hadi tumalize kuomba.

Upande mwingine wa jengo ni Wizara ya Ulinzi, na inafanya kazi hadi leo. Na mara nyingi ikifika tarehe 20 Julai, askari wapya wa Ujerumani hula kiapo chao katika viwanja hivyo hivyo. Baba Mchungaji nilipomweleza hilo alisimama. Maana hawa waliouawa uani, kosa lao kubwa machoni pa wenzao lilikuwa ni kuvunja kiapo. Kuanzia Agosti 1934, Rais Hindenburg alipofariki, kila askari wa Ujerumani aliapa kwa Mungu kumtii Adolf Hitler bila masharti. Kiapo kilimtaja mtu kwa jina lake, wala si nchi au katiba. Majenerali waliojua kabisa kwamba vita vimeharibika na kwamba Wayahudi wanaangamizwa walikataa kujiunga na wenzao, wakasema: nimeapa.

Tulikaa juu ya hilo muda mrefu kwenye benchi. Baba Mchungaji alisema kiapo kwa jina la Mungu cha kutenda uovu ni kulitaja bure jina la Bwana, amri ya pili, kwa hiyo hakimfungi mtu. Kisha akajipinga mwenyewe: lakini askari anayeapa anajuaje mwanzoni kwamba ni uovu? Mwaka 1934 nani alikuwa anajua yote? Mimi nikamwambia habari ya kesi ya Braunschweig, ambayo naona kila mgeni mwenye kola angepaswa kuijua. Machi 1952 alishtakiwa Otto Ernst Remer, yule meja ambaye kikosi chake kilisaidia kuzima mapinduzi, kwa sababu aliwaita waliouawa wasaliti wa nchi. Mwendesha mashtaka Fritz Bauer aliita wanatheolojia mahakamani watoe maoni ya kitaalamu: Hans Joachim Iwand na Ernst Wolf kwa upande wa Waprotestanti, na Rupert Angermair, Mkatoliki. Mahakama ya serikali ikakaa kusikiliza kama mafundisho ya Luther yanamruhusu Mkristo kuipinga serikali! Remer alihukumiwa miezi mitatu. Na mwaka 1968 haki ya raia kupinga anayetaka kuuangusha utaratibu wa kikatiba, pale njia nyingine zinaposhindikana, iliingizwa kwenye katiba yao, ibara ya 20.

Ndani, sehemu ya upinzani uliotokana na imani ya Kikristo ni mojawapo tu ya mada nyingi. Utawakuta akina Mchungaji Martin Niemöller, Dietrich Bonhoeffer, mchungaji aliyejiunga na njama za kumpindua Hitler, Askofu von Galen wa Münster aliyehubiri mwaka 1941 dhidi ya kuuawa kwa wagonjwa na walemavu, na Padri Bernhard Lichtenberg wa hapa Berlin aliyewaombea Wayahudi hadharani akafa mwaka 1943 akipelekwa kambi ya mateso ya Dachau. Wanachosifiwa hawa wenye makumbusho, nami nakubali, ni kutoficha kwamba hao walikuwa wachache. Kanisa kubwa lilitii. Julai 1933, kwenye uchaguzi wa kanisa, kundi lililojiita "Wakristo wa Kijerumani", waliompigia debe Hitler, lilishinda kwa wingi mkubwa. Hata walioitwa Kanisa la Ungamo, Waprotestanti waliokataa kanisa kutawaliwa na Wanazi, waliotoa Tamko la Barmen Mei 1934, hawakuwa waasi. Tamko lile kifungu cha tano linasema dola imepewa na Mungu kazi ya kulinda haki na amani, na kinachokataliwa ni dola kujifanya ndiyo mpango pekee na kamili wa maisha ya mwanadamu. Miaka minne baadaye, wachungaji walipotakiwa kumwapia Hitler, wengi wa Kanisa la Ungamo nao waliapa.

Baba Mchungaji alilisoma lile Tamko (nilikuwa nimempigia chapa kwa Kiswahili changu cha kuungaunga) na akasema: "Hii ni Warumi kumi na tatu yenyewe. Paulo anasema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Mtumishi ana kazi aliyopewa. Akiiacha?" Hakumalizia. Ni mwalimu wa kipaimara, anapenda darasa limalizie.

Lawama yangu kwa maonyesho haya ni moja, na ni ya mpangilio. Mambo yamegawanywa kwa makundi: Wakristo hapa, wanajeshi kule, mduara wa Kreisau, waliopanga Ujerumani ya baada ya Hitler, pale, wanafunzi wa Waridi Jeupe chumba kingine, Georg Elser peke yake. Kwa mwanahistoria ni sawa. Kwa msharika aliyekuja na swali la imani, anatoka akidhani Wakristo ni wale wa ubao mmoja tu. Wakati Moltke wa Kreisau alisimama mahakamani kama Mkristo, Stauffenberg alikuwa Mkatoliki, na Hans na Sophie Scholl wa Waridi Jeupe, waliokatwa vichwa Munich tarehe 22 Februari 1943, walikuwa wamelelewa na mama aliyekuwa shemasi.

Na Elser! Huyu ndiye anayenikosesha usingizi. Fundi seremala, Mprotestanti, hakuwa na cheo chochote. Alijifungia usiku hadi usiku katika ukumbi wa bia huko Munich, akachimba nguzo, akaweka bomu alilolitengeneza kwa mikono yake. Tarehe 8 Novemba 1939 likalipuka dakika 13 baada ya Hitler kuondoka. Walikufa watu wanane. Alipohojiwa alieleza kwamba kipindi kile alikuwa akiingia kanisani kusali, hata makanisa ya Kikatoliki, na moyo ukatulia. Walimuua Dachau tarehe 9 Aprili 1945.

Hapo Baba Mchungaji alikuwa mkali. "Huyu nani alimtuma?" Na hiyo ni hoja halisi ya Kilutheri, si ukali wa uzee. Walutheri wa zamani, kama wale wachungaji wa Magdeburg mwaka 1550, walipokubali kwamba mfalme dhalimu anaweza kupingwa kwa silaha, walisema anayepinga ni mwenye mamlaka ya chini yake: mkuu wa mji, diwani, mtu mwenye dhamana ya kulinda watu. Raia wa kawaida anakataa kutii lililo ovu, anavumilia adhabu, hachukui upanga. Kwa kipimo hicho Stauffenberg, mnadhimu wa jeshi la akiba, anapita. Elser hapiti.

Mimi naiona hoja hiyo ina kasoro ya kitabaka. Wenye vyeo wengi walianza kuliona tatizo kwa uzito vita vilipogeuka, na wengi wao walikuwa wameifaidi serikali ile miaka kumi. Seremala aliliona mwaka 1939, mapema kabisa, kisha tukaambiwa yeye ndiye asiye na kibali. Sisi Wakristo, kati ya watu wote, tungekuwa waangalifu tunapomdharau seremala. Baba Mchungaji alicheka lakini hakukubali. Alisema wale wanane waliokufa, akiwemo mhudumu wa ukumbini, walikuwa na nani wa kuwatetea? Sikuwa na jibu la haraka. Kama makumbusho yangeweka Elser na Stauffenberg chumba kimoja, na Bonhoeffer kati yao, kila kikundi cha kanisa kingefanya mjadala huu. Ilivyo sasa inabidi uufanye mwenyewe kwenye benchi.

Sehemu ya pili ni Plötzensee. Basi la 123 linakufikisha. Nayo ni bure. Ni kibanda cha matofali kandokando ya gereza ambalo bado ni gereza, na humo waliuawa watu zaidi ya 2,800 kati ya 1933 na 1945, kwanza kwa shoka, kisha kwa gilotini, na tangu mwishoni mwa 1942 wengine kwa kitanzi. Chumba kimoja kimeachwa kitupu, na ndani yake kuna boriti ya chuma yenye kulabu. Chumba cha pili kina maelezo na hati. Kwa ukubwa, sehemu hii unaimaliza kwa muda mfupi sana, na kuna wageni wanaolalamika kwamba hakuna cha kuona. Waambie mapema. Wenye moyo mwepesi au waliofiwa karibuni wasiingie. Watoto hapana kabisa.

Jambo moja la pale huwa nalisimulia kila mara: familia za waliouawa zilitumiwa ankara. Siku za mahabusu kwa bei yake, gharama ya kuuawa reichsmark 300, hadi pfenigi 12 za stempu ya kutumia ankara yenyewe. Serikali yenye karani, mhuri na risiti. Mtu akiniambia utii kwa mamlaka maana yake ni kufuata utaratibu, namkumbusha kwamba utaratibu pale haukukosekana hata kwa senti moja.

Plötzensee hapakujibu swali la Baba Mchungaji kwa maelezo ya ukutani. Jibu lake ni majina, na majina hayo inabidi mwongoza wageni ayajue. Hermann Stöhr, Mprotestanti, aliyekataa kabisa kuvaa sare kwa sababu ya Injili, alikatwa kichwa hapo tarehe 21 Juni 1940. Huyo hakumpiga mtu wala kupanga kumpiga. Helmuth James von Moltke alinyongwa tarehe 23 Januari 1945. Yeye na rafiki zake walikuwa wakikutana kuandika namna Ujerumani itakavyojengwa baada ya Hitler, na kwa muda mrefu alipinga mpango wa kumuua, kwa imani yake. Jaji Freisler alimhukumu hata hivyo, na Moltke alimwandikia mkewe Freya kwamba mwishowe amesimama mbele ya mahakama kama Mkristo na si kitu kingine chochote. Alfred Delp, padri wa Kijesuiti wa kundi hilo hilo, alifuata tarehe 2 Februari. Watu watatu, na wawili kati yao walifikiri pamoja, ila hakuna anayefanana kabisa na Stauffenberg.

Barua za Moltke na Freya zilipitaje? Hapa ndipo Baba Mchungaji alipopata mtu wake. Zilipitishwa na mchungaji wa gereza la Tegel, Harald Poelchau. Huyu alikuwa mtumishi wa serikali, analipwa mshahara na serikali ile ile, anaingia gerezani kwa kibali chake. Alisindikiza watu kama elfu moja kwenye kifo. Akitoka kazini, yeye na mkewe Dorothee walikuwa wakiwaficha Wayahudi, kuwatafutia chakula na pa kulala. Hakukamatwa. Aliishi hadi 1972.

"Huyo ndiye mchungaji," akasema. Akauliza maswali mengi: alikuwa akisema nini usiku wa mwisho, aliwapa meza ya Bwana, aliwezaje kurudi asubuhi. Niliyoyajua nilimwambia. Kilichomgusa, nadhani, ni kwamba Poelchau alibaki ndani ya utumishi wake. Hakuacha kazi kwa kishindo, wala hakuifanya kama alivyotakiwa. Mimi nina wasiwasi kidogo na mfano huo, kwa sababu kila mtu aliyeendelea kula mshahara wa serikali ile angependa kujiona Poelchau. Tofauti iko kwenye wale waliolala jikoni kwake.

Tukiwa kwenye basi Baba Mchungaji mwenyewe alileta habari ya nyumbani. Machi 2018 maaskofu wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, walitoa ujumbe wa Pasaka, "Taifa Letu, Amani Yetu", wakazungumzia uhuru wa watu, usalama wa raia, katiba mpya. Baadaye ikaandikwa barua kutoka upande wa Msajili wa Vyama ikiwataka waufute ndani ya siku kumi. Ilipovuja mwezi Juni, waziri wa mambo ya ndani akaikana. Zilikuwapo pia dayosisi ambazo ule ujumbe haukusomwa. Baba Mchungaji aliusoma madhabahuni wote, bila kuruka. Mzee mmoja wa usharika alimfuata ofisini akamwambia, "Mchungaji, msichanganye dini na siasa." Alimjibu kwamba kila Jumapili tunamwombea Rais kwa jina lake la cheo, na hiyo siyo siasa? Lakini pale pale kwenye basi akaongeza: kusoma waraka ndiyo mpaka wake. Zaidi ya hapo upanga si wake.

Sehemu ya tatu, Bonhoeffer-Haus, iko Marienburger Allee 43, mtaa mtulivu wa nyumba za familia upande wa Charlottenburg, karibu na stesheni ya Heerstraße. Hapa huingii tu, unaomba miadi mapema, na anakuja mtu wa kukupokea na kuzungumza nanyi. Ndiyo maana nasema ndiyo bora kuliko zote kwa kikundi cha kanisa. Hakuna kukimbizana na vibao. Mnakaa chini, mnaongea, kisha mnapanda ngazi hadi chumba cha juu chini ya paa, chenye meza ya Bonhoeffer na kinanda chake. Wazee wenye magoti mabovu wajue kwamba ngazi zipo.

Nyumba ilijengwa na wazazi wake mwaka 1935. Tarehe 5 Aprili 1943 Bonhoeffer alipiga simu kwa dada yake, akapokea sauti asiyoijua. Akaelewa kwamba nyumba ile inapekuliwa na shemeji yake Hans von Dohnanyi amekamatwa. Hakukimbia. Alikwenda nyumba ya jirani kwa dada yake mwingine, Ursula, akaomba apikiwe chakula cha kushiba. Akala. Akarudi chumbani, akapanga karatasi mezani, zile alizotaka zionekane. Alasiri baba yake akamwita: kuna wanaume wawili wanataka kukuona.

Akina mama wa kwetu hilo la chakula wanalielewa bila tafsiri. Baba Mchungaji alishikwa na zile karatasi. Zilikuwa za kuwapotosha. "Na amri ya nane?" Usimshuhudie jirani yako uongo. Mwenyeji wetu alieleza kwamba Bonhoeffer mwenyewe aliliandikia suala hilo gerezani, kuhusu maana ya kusema kweli mbele ya mtu asiye na haki ya kuipata, na kwamba hakuwahi kujitangaza kuwa safi. Alijiona amebeba hatia, akaomba rehema. Jibu hilo Baba Mchungaji alilipokea vizuri kuliko hoja zote za Bendlerblock. Alisema mtu anayevunja amri na kusema ni haki yake anamtisha. Anayevunja na kuungama anaweza kumpa sakramenti.

Ni hapo hapo pia alipoulizia kanisa lilimfanyia nini mtumishi wake akiwa gerezani. Ukweli ni kwamba Kanisa la Ungamo halikuliweka jina lake kwenye orodha ya kuombewa, kwa kuwa kesi yake ilihesabiwa ya kisiasa. Wengine waliofungwa kwa ajili ya mahubiri waliombewa. Alinyongwa kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, siku moja na Elser. Nikamwangalia Baba Mchungaji. Akasema taratibu, "Msichanganye dini na siasa," kwa sauti ya yule mzee wa usharika wake, tukacheka wote wawili, yule mwenyeji asijue tunacheka nini.

Kwa hiyo ukiniuliza ipi kwanza: kwa kikundi cha wachungaji au viongozi wa vijana, Bonhoeffer-Haus, bila kusita. Kwa mtu anayesoma Kiingereza na mwenye nusu siku, Bendlerblock, ila apitie vyumba vyote na si kile cha Wakristo tu. Plötzensee usiipeleke peke yake, iunge na mojawapo ya hizo mbili, na usiiweke mwisho wa siku kabla ya chakula cha jioni cha wenyeji, maana hakuna atakayekula. Kila mmoja tiketi yake ya siku nzima ya kanda AB inamtosha kwa zote tatu. Bebeni chai na chapati, benchi za kukalia zipo.

Ya Bonhoeffer-Haus andikeni mapema, mkitaja idadi ya watu na lugha. Mkiandika kwamba mtakuja na mkalimani wa Kiswahili, panga muda mara mbili. Na kama mgeni wenu ni mwalimu wa kipaimara, mara tatu.